Kabla Hujanunua Sola, Hesabu Usiku Wako

Wanangu mnaojenga Mkundi, Kihonda, Mvomero, Kilosa na kote ambako nguzo ya TANESCO ama haijafika ama imefika lakini hamuiamini, niazimeni masikio. Nimezeekea kwenye kazi ya umeme, na ninachokiona siku hizi kwenye nyumba zenu kinanitia wasiwasi. Kijana anapata mkopo wa SACCOS, anakwenda Kariakoo asubuhi, jioni anarudi na inveta ya kilowati 5 yenye kioo kinachometameta, betri moja na paneli mbili. Wiki ya kwanza majirani wanajazana sebuleni kutazama mpira. Masika ikiingia, saa 7 usiku nyumba iko gizani, inveta inapiga king'ora, mtoto analia kwa joto, na mwenye nyumba anamtukana Mchina aliyetengeneza betri.

Mchina mwacheni kwanza. Wako wauzaji wa vifaa feki na nitawafikia, ila sola nyingi ninazoitwa kuzitazama zina vifaa vizuri kabisa vilivyonunuliwa bila hesabu. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa inveta ndiyo inayowaponza. Kilowati 5 maana yake ni kwamba inveta hiyo inaweza kupitisha wati 5,000 kwa mara moja bila kuungua. Yenyewe haizalishi hata wati moja. Umeme wa siku nzima unatoka kwenye paneli, na umeme wa usiku unatoka kwenye betri. Hayo ni maswali matatu tofauti, na muuzaji anakujibu lile lenye namba ya kutamanisha.

Mtoto wa jirani alinijia na kipeperushi cha duka mkononi. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza, "Mzee, hii ya kilowati 5 itanitosha?"

"Itakutosha kwa kitu gani?"

Akacheka, akidhani namtania. "Si kwa nyumba, mzee."

"Nyumba yako ikilala inakula uniti ngapi?"

Hapo akanyamaza. Bei ya inveta aliijua hadi shilingi ya mwisho, na dhamana yake aliijua. Habari ya usiku wake hakuijua, na katika maduka yote aliyopita hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo tuanze na usiku. Uniti moja, ile ile mnayonunua kwa LUKU, ni wati 1,000 zikitumika kwa saa 1. Kwa vitu vidogo tutahesabu kwa wati-saa, na wati-saa 1,000 ni uniti moja. Taa ya wati 10 itaimaliza uniti hiyo kwa saa 100. Pasi ya wati 1,000 ikivuta mfululizo inaimaliza kwa saa moja. Ukishika hilo, hesabu iliyobaki ni ya darasa la tano.

Wewe uliyepanga nyumba yenye LUKU huku ukijenga kwako, una kipimo cha bure ukutani. Saa 12 jioni soma uniti zilizobaki, uandike. Saa 2 asubuhi soma tena, utoe. Fanya hivyo wiki nzima, Jumapili ikiwemo. Ukinunua umeme katikati, jumlisha ulichoingiza. Kama mita mnachangia na wapangaji wengine, acha, utahesabu na birika la mwenzio. Usiku mmoja zima kila kitu uache friji peke yake, maana friji ndilo linalowadanganya watu kuliko kifaa chochote. Lebo inasema wati 120, mtu anazidisha mara saa 24, anapata karibu uniti 3 na kukata tamaa. Mwingine anasema friji ni dogo, analiandikia sifuri. Ukweli ni kwamba mota yake inawaka na kuzima. Friji la kawaida la nyumbani linakula kama uniti moja kwa siku, likipungua au kuzidi kufuatana na joto, umri wa mpira wa mlango, na watoto wanaolifungua kila dakika kutazama kama soda imeshapoa.

Asiye na LUKU achukue daftari, azunguke chumba kwa chumba. Chukua nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu. Taa 6 za LED za wati 9 kwa saa 5 ni wati-saa 270. Televisheni ya wati 70 na king'amuzi cha wati 15, saa hizo hizo 5, ni 425. Feni 2 za wati 50 kwa saa 8 ni 800, yaani zimezidi taa na televisheni kwa pamoja, na sijawahi kumsikia mtu akiziogopa feni. Simu na kompyuta mpakato, 210. Kifaa cha intaneti cha wati 10 ambacho hakizimwi, 240. Friji, 1,000. Jumla ni wati-saa 2,945 kwa siku.

Hapo wengi wanafunga daftari, na kuna mlaji mmoja hajaandikwa. Inveta yenyewe inakula muda wote ikiwa imewashwa, hata kama hakuna taa inayowaka. Inayokula wati 30 imeondoka na 720 kwa siku, karibu robo ya matumizi ya nyumba nzima. Kubwa zaidi, zile za kujionyesha, zinaweza kufika wati 50 au kupita, na hiyo ni uniti moja na ushee kila siku kwa kazi ya kukaa ukutani. Kijitabu chake kina mstari unaotaja matumizi yake ikiwa haina mzigo. Soma mstari huo kabla ya kusoma kilowati. Nyumba yetu sasa inataka 3,665.

Sehemu ya hizo inaliwa mchana jua likiwa juu, na haina haja ya betri. Cha kupimia betri ni zile saa 14 kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi: taa 270, televisheni na king'amuzi 425, feni 800, intaneti 140, simu 60, friji kama 500, inveta 420. Inakuwa 2,615. Ongeza kinachopotea umeme wa betri unapogeuzwa kuwa wa nyumbani, utakuta karibu 2,900. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani.

Dukani utaonyeshwa betri za aina mbili. Ya risasi, iwe ya maji au kavu, ni teknolojia ya Mfaransa Gaston Planté ya mwaka 1859, na haijabadilika sana tangu hapo. Betri ya volti 12 na ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400 kwenye karatasi. Ukila zote kila usiku utaizika mapema. Ishie nusu, yaani 1,200. Usiku wako wa 2,900 unataka betri 2 na nusu hivi, na nusu betri haiuzwi. Tena mfumo wa volti 48 unataka nne zifuatane. Basi ni nne. Kwa matumizi ya nusu kila usiku, betri ya namna hiyo inahimili mizunguko mia kadhaa, na mwaka una usiku 365, kwa hiyo fanya hesabu mwenyewe utanunua tena lini.

Ya lithiamu, ile ya fosfeti ya chuma, ilianzia miaka ya 1990 kwenye maabara ya John Goodenough kule Texas, mzee ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 akiwa na miaka 97. (Nawakumbusha hilo ninyi mnaodhani wazee hatujui betri.) Betri yake ya volti 51.2 na ampea-saa 100 ina wati-saa 5,120. Ukiishia asilimia 80 unapata karibu 4,100. Usiku wako unaingia wote, na zinabaki 1,200 za kukusogeza kwenye asubuhi yenye mawingu. Mizunguko yake inahesabika kwa maelfu. Bei yake inauma siku ya kununua, nakubali, lakini ukiweka risasi nne upande huu na lithiamu moja upande ule, kisha ukajumlisha na zile risasi nne za awamu ya pili, maumivu yanapungua. Kwa mtu wa taa tatu na kuchaji simu, risasi bado inafaa. Kwa nyumba yenye friji na feni, ningekuwa na uwezo wa kukukataza risasi ningekukataza.

Betri ya gari ndiyo sitaki hata kuijadili. Imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, gari liwake, kisha ijazwe palepale. Ukiishusha kila usiku, bamba zake nyembamba zinaisha ndani ya miezi.

Kama umeshafunga risasi, jifunze kuipima. Iache ipumzike saa kadhaa bila chaji na bila mzigo, kisha gusisha mita. Volti 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, 11.8 imekwisha na inaumia. Ukiingia chumbani ukasikia harufu ya yai viza, inachajiwa kupita kiasi. Zima chaji, fungua madirisha, na usiwashe kiberiti. Kwenye lithiamu mita haikusaidii sana, maana volti zake zinakaa karibu pale pale hadi dakika za mwisho, kisha zinaporomoka. Huko unatazama asilimia kwenye kioo chake. Na ya risasi usiilaze juu ya dari chini ya bati la moto. Joto likizidi nyuzi 25, kila nyuzi 10 za ziada zinakata uhai wake karibu nusu.

Nimekaa sana kwenye betri kwa sababu ndiko pesa inakozama. Ila betri haijazi yenyewe, na hapa ndipo kosa la pili linapozaliwa. Paneli inapimwa kiwandani chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zake zikiwa na nyuzi 25. Juu ya bati lako saa 7 mchana seli zinafika nyuzi 60, na kwa joto hilo tu umepoteza zaidi ya asilimia 10. Weka vumbi, waya, chaji inayopotea betrini na ile inayopotea kwenye inveta. Wapo wanaohesabu kwamba asilimia 75 inakufikia. Mimi naweka 70, na hakuna aliyewahi kunilalamikia kwa kubakiwa na umeme.

Jua lenyewe halilingani. Tunahesabu saa za jua kamili, yaani mwanga wa siku nzima ukikusanywa kana kwamba jua liliwaka kwa nguvu zake zote kwa saa hizo chache. Nchini kwetu ni kati ya 4 na 6 hivi, kutegemea mahali na mwezi. Dodoma na Singida wamebarikiwa. Njombe, Lushoto na Bukoba wana mawingu na ukungu wao. Sisi huku chini ya Uluguru tunajua mlima unavyojifunika wingu, hasa Aprili. Mkulima anayeuza mahindi Kibaigwa hapimi ghala la watoto wake kwa mavuno ya mwaka wa neema, na wewe usipime paneli kwa jua la Oktoba. Muuzaji atakupimia kwa Oktoba, kwa kuwa hesabu inatoka ndogo na unakubali haraka.

Tazama tofauti. Nyumba yetu inataka 3,665 kwa siku. Kwa saa 6 za jua, ukizidisha na ile asilimia 70, unapata wati 873: paneli 2 za wati 450 na chenji inabaki. Kwa saa 4 za Aprili unapata wati 1,309, na hizo ni paneli 3. Yule wa paneli 2, Aprili ikifika, anavuna 2,520 na kukosa 1,145 kila siku. Usiku wa kwanza betri yake ya lithiamu iliyojaa inamvusha. Wa pili inamvusha kwa kunyata, asubuhi imekauka. Wa tatu, mnamo saa 7 au saa 8, feni zinasimama. Kesho yake anakimbilia dukani kununua betri ya pili, na duka linamuuzia kwa furaha, wakati ile ya kwanza tu haijai. Tofauti yote hiyo ilikuwa paneli moja, ambayo siku hizi ndiyo kifaa cha bei nafuu kuliko vyote kwenye mfumo. Ukibaki na pesa kidogo na hujui uongeze nini, ongeza paneli, ila kwanza hakikisha kontrola ya chaji, inayoupokea umeme wa paneli kabla ya betri, inaweza kuibeba.

Kuhusu kuzifunga sina mengi. Tanzania yote iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo zielekeze kaskazini, uziinamishe nyuzi 10 hadi 15 ili mvua izisafishe. Acha nafasi ya kiganja kati yake na bati ili upepo upite. Kabla fundi hajatoboa, simama uwanjani saa 3 asubuhi, saa 6 na saa 10 jioni, utazame vivuli. Kivuli cha tawi la mwembe au cha dishi kikilala kwenye kona moja ya paneli kinaweza kupunguza mapato ya mstari mzima, na tenki la maji lililojengewa mnara upande wa kaskazini limewahi kuwafanya watu wahamishe sola yote.

Sasa wale wa feki. Nenda na futi. Jua linatoa wati 1,000 kwa mita ya mraba, na paneli nzuri za madukani zinageuza kama asilimia 20 hadi 23 yake. Kwa hiyo mita moja ya mraba haiwezi kukupa zaidi ya wati 230. Paneli yenye urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 67, hata ibandikwe karatasi ya wati 300, haifiki 160. Paneli ya kweli ya wati 450 ina karibu mita 2 za mraba. Huwezi kuipakia kwenye bajaji na abiria wengine. Betri ya risasi ya ampea-saa 200 nayo ina kilo 50 na zaidi. Kijana wa duka akikuletea akiwa ameibeba kwa mkono mmoja huku anaongea na simu, mshukuru, uondoke.

Rudi kwenye inveta, maana hata yenyewe ina kipimo chake cha haki. Jumlisha vitu vinavyoweza kuwaka kwa wakati mmoja, halafu fikiria mshtuko wa mota. Friji la wati 120 linapoanza kuvuta linaweza kudai mara 5 ya hizo au zaidi kwa muda mfupi sana, na pampu ya maji ni vivyo hivyo. Nyumba niliyoitaja inakaa vizuri kwenye inveta ya wati 2,000 au 3,000. Chagua inayotoa umeme laini kama wa TANESCO. Zile za bei ya kutupa zinatoa umeme uliokatwakatwa, ambao mota ya friji inaulalamikia kwa kuunguruma na kupata joto.

Ukiwa na pasi, ipige Jumamosi saa 6 mchana. Birika la wati 2,000 linachemsha maji ya chai kwa dakika 5 na kula wati-saa 167 tu. Shida yake ni ule mvuto wa mara moja, si ulaji. Hita ya kuogea ya wati 4,500 isahau kabisa, maji yapashwe na mkaa, gesi au jua lenyewe. Mwenye kisima anunue pampu inayoendeshwa na paneli moja kwa moja, ipige maji mchana yakae tenkini, asipitishe kazi hiyo kwenye betri hata kidogo. Jokofu la kugandisha samaki wa biashara ni mfumo mwingine, wenye hesabu yake na daftari lake la mauzo.

Kuna jambo la waya ambalo mafundi wachanga wanalifanyia ubahili. Wati 1,000 kwenye volti 12 ni ampea 83; kwenye volti 48 ni ampea 21. Upotevu ndani ya waya unakua kwa mraba wa ampea, kwa hiyo ukipandisha volti mara 4, waya ule ule unapoteza mara 16 pungufu. Nimekuta paneli za volti 12 zimefungwa mita 10 kutoka kwenye betri kwa waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi za ukutani. Ampea 20 zikipita humo, karibu volti 3 zinaishia njiani. Ukigusa ganda la waya huo mchana unalikuta la uvuguvugu, na penye kiungo ni la moto. Huyo jamaa alikuwa ameshaambiwa na watu wawili kwamba betri yake ni mbovu. Kwa kitu kinachozidi taa na simu, nenda volti 24 au 48 tangu mwanzo.

Na ogopeni umeme wa sola kuliko mnavyouogopa wa nguzo. Umeme wa TANESCO unashuka hadi sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche inapotokea kwenye swichi inapata nafasi ya kuzimika. Umeme wa paneli na betri hausinzii. Breka ya kawaida ya nyumbani ukiitumia huko, siku ya kukata, cheche inaendelea kuwaka ndani yake hadi plastiki inayeyuka, na juu yake kuna dari la mbao. Nunua breka zilizoandikwa kwamba ni za umeme wa moja kwa moja, na fyuzi ikae jirani kabisa na betri, kabla waya haujaanza safari. Anayefunga betri avue pete na saa. Spana ikilala juu ya vichwa viwili vya betri inanata hapo hapo na kuwa nyekundu, na mkono wa mtu hauna nguvu kuliko spana. Muulize fundi leseni ya EWURA. Wa kweli anaitoa mfukoni bila kununa.

Ninyi mlio na nguzo tayari mlangoni, nasaha yangu ni nyingine na huenda isiwafurahishe. Mgao wa 2006, wa 2011, na ule wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 ulitutia hasira sote, nami nakumbuka mishumaa ilivyopanda bei. Hasira hiyo isikufanye ukate TANESCO. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, anayetumia hadi uniti 75 kwa mwezi katika kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na wa kundi linalofuata shilingi 292. Hakuna betri ya dukani itakayokupa uniti ya usiku kwa shilingi 100. Nyumba tuliyoihesabu, ukiiondoa inveta, inatumia uniti 88 kwa mwezi; izime feni miezi ya baridi, itashuka chini ya 75. Kwa mtu wa namna hiyo mfumo unapimwa kwa saa za giza anazotaka kuvuka: taa, intaneti, televisheni, feni moja, labda na friji. Betri moja na inveta ndogo inayochajiwa na TANESCO yenyewe inaweza kutosha, na paneli zikafuata mfuko ukiruhusu. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, lakini nguzo ya mtaani kwenu ikianguka na mvua hizo megawati hazikufikii, ndiyo maana betri bado ina kazi mjini.

Ukishafunga, usimuage fundi na kusahau. Masika ya kwanza weka daftari karibu na inveta. Andika mara mbili kwa siku: saa 10 jioni betri imefika asilimia ngapi, na saa 12 alfajiri imebaki ngapi. Jioni ikiwa haijai siku kadhaa mfululizo, una upungufu wa paneli, au kuna kivuli, au kuna kiungo kimelegea. Tafuta kwa mpangilio huo wa nyuma, ukianza na kiungo kwa sababu ni bure. Ikiwa inajaa kila siku kabla ya saa 8 mchana na bado alfajiri inakufa, paneli ziko sawa na betri ndiyo ndogo. Lithiamu unaweza kuiongezea mwenzake wa aina ile ile kama mtengenezaji ameruhusu. Risasi mpya usiifunge na ya zamani, maana kuukuu itaivuta mpya ilingane nayo kwa uchovu. Na ikiwa jioni inajaa, alfajiri imebaki robo, na Mei imekwisha bila nyumba kuzima, hapo ndipo unaweza kuanza kumsikiliza shemeji anayetaka mashine ya kufulia. Ifue mchana, kwa maji baridi.